Dawa za miti shamba masikioni: Swali si mti gani, bali hali ya sikio lenyewe

KATIKA masoko, vituo vya matatu na vibanda vya kando ya barabara kote nchini, si ajabu kumkuta muuzaji wa dawa za miti shamba aliyepanga chupa zake mezani huku akiahidi kutibu maradhi ya kila aina, ya masikio yakiwemo. Chupa ni ile ile na maagizo ni yale yale: matone mawili matatu asubuhi, mengine jioni. Mteja aghalabu ni mzazi ambaye mwanawe amekesha akilia, au ambaye mtoto wake amekuwa akitokwa na usaha sikioni kwa miezi kadhaa, hadi wenzake darasani wakaanza kumkwepa kwa sababu ya harufu.

Mjadala kuhusu dawa hizo umezoea kuchukua sura mbili. Wapo wanaozitetea kama urithi wa wahenga usiostahili kuhojiwa, na wapo wanaozibeza zote kama ushirikina. Pande zote mbili zinakosa shabaha. Panapohusika sikio, swali la kwanza si iwapo mti fulani una uwezo wa kuua vijidudu. Miti mingi inao. Swali ni hali ya sikio linalotiwa dawa: je, kiwambo chake ni kizima au kimetoboka? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua iwapo tone lile lile litakuwa kazi bure, nafuu ya muda au chanzo cha uziwi. Na jibu hilo halipatikani kwa kutazama sikio kutoka nje.

Suala lenyewe si dogo. Katika ripoti yake ya mwaka 2021 kuhusu usikivu, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kwamba watu milioni 430 ulimwenguni wana upungufu wa kusikia unaohitaji huduma za matibabu na urekebishaji. Shirika hilo hilo linasema kuwa karibu asilimia 60 ya upungufu wa kusikia miongoni mwa watoto hutokana na sababu zinazoweza kuzuiwa. Maambukizi ya masikio ni mojawapo ya sababu hizo. Hapa nchini, uchunguzi uliofanywa mwaka 1992 miongoni mwa wanafunzi zaidi ya 5,000 katika iliyokuwa wilaya ya Kiambu ulibaini kuwa takriban mmoja kati ya kila 100 alikuwa na usaha sugu sikioni, na wengi zaidi walikuwa na matatizo ya kusikia.

Maradhi matatu, jina moja

Ili kuelewa ni kwa nini dawa moja haiwezi kuwa jibu la kila sikio, sharti kwanza kuelewa jinsi kiungo hiki kilivyojengwa. Nyuma ya mfereji unaoonekana kwa nje kuna kiwambo, yaani utando mwembamba uliowambwa mithili ya ngozi ya ngoma. Nyuma ya kiwambo hicho kuna chumba kidogo chenye hewa, kinachoitwa sikio la kati, ambamo vifupa vitatu hupokezana mtetemo wa sauti na kuupeleka katika sikio la ndani. Chumba hicho hupata hewa kupitia mrija mwembamba unaokiunganisha na sehemu ya juu ya koo, nyuma ya pua. Kwa mtoto mdogo, mrija huo ni mfupi na umelala zaidi kuliko wa mtu mzima. Ndiyo sababu mafua ya kawaida huishia masikioni mwa watoto kwa urahisi.

Kutokana na muundo huo, kile ambacho wazazi wengi hukiita kwa jumla ugonjwa wa sikio huwa kwa kweli hali tatu tofauti.

Hali ya kwanza ni kujikusanya kwa majimaji. Mrija unapoziba, ute hujaa nyuma ya kiwambo kisichokuwa na tundu. Mtoto hana homa, na mara nyingi hana maumivu. Tatizo lake ni kwamba hasikii sawasawa. Huitwa mara mbili tatu kabla ya kuitika, hupandisha sauti ya redio na huonekana mzembe darasani. Kwa watoto wengi, ute huo hukauka wenyewe katika muda wa miezi mitatu hivi. Wachache ambao haukauki kwao, nao wanapoteza usikivu, huhitaji mtaalamu.

Hali ya pili ni maambukizi ya ghafla. Bakteria, hasa wa jamii ile inayosababisha nimonia, huvamia sikio la kati, kiwambo huvimba na kuwa chekundu, na mtoto hushikwa na homa na maumivu makali. Wakati mwingine kiwambo hupasuka, usaha ukamwagika na maumivu yakapungua mara moja. Hapo ndipo wengi hudhani kuwa ugonjwa umekwisha, kumbe umeingia katika hatua nyingine.

Hali ya tatu ni usaha sugu: kiwambo kimetoboka na sikio limekuwa likitoa uchafu kwa wiki mbili au zaidi. Kwa kuwa maumivu si makali, familia nyingi huizoea. Hata hivyo, hii ndiyo hali inayotia hofu zaidi. Mwaka 2004, WHO ilikadiria kuwa kati ya watu milioni 65 na milioni 330 duniani walikuwa na masikio yanayotoa usaha, na kwamba asilimia 60 kati yao walikuwa wamepoteza sehemu kubwa ya usikivu. Usaha huo unaweza kuula mfupa ulio nyuma ya sikio, na hata kufika kwenye utando wa ubongo au kusababisha jipu ndani ya ubongo. Waama, mficha maradhi kilio humfichua.

Tone linafika wapi?

Orodha ya mimea inayotumiwa kutibu masikio katika eneo la Afrika Mashariki ni ndefu. Ipo maji ya majani ya kishonanguo, yapo majani ya mrehani yaliyofikichwa, upo utomvu wa mshubiri, yapo mafuta yaliyochemshwa pamoja na vitunguu saumu, na yapo mafuta ya mwarobaini. Marehemu wazee hawakuyabuni hayo kwa kubahatisha tu. Wasomi wetu wenyewe wameiheshimu elimu hiyo kiasi cha kuiandika. Mfano ni kitabu cha Profesa John Kokwaro kuhusu mimea ya dawa ya Afrika Mashariki, kilichochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1976 na ambacho kinaendelea kutumiwa na watafiti.

Lakini hebu tone la dawa hizo lifuatwe safari yake. Katika hali ya kwanza na ya pili, ugonjwa uko nyuma ya kiwambo kizima. Maji ya majani yakimiminwa, hukomea kwenye mfereji wa nje. Hayaufikii ute wala usaha, sawa na mtu anayemwagia maji mlango uliofungwa akitaraji kuuzima moto ulio ndani ya nyumba. Katika hali ya tatu, mlango uko wazi. Chochote kitakachomiminwa, kiwe chema au kibaya, huingia moja kwa moja katika chumba cha ndani, karibu kabisa na viungo laini vya kusikia ambavyo vikishaharibika havioti tena. Maji ambayo hayakuchemshwa, chembe za majani, udongo wa mikononi na mafuta yaliyokaa chupani kwa miezi huingia pamoja na dawa.

Kwa hivyo, pale ambapo tone halina madhara makubwa, aghalabu pia halina faida. Na pale ambapo lingeweza kufika kwenye ugonjwa, ndipo lilipo na hatari kubwa zaidi.

Mbona basi watu wengi huapa kwamba dawa hizo zimewaponya watoto wao? Sehemu ya jibu inatoka Israel. Watafiti wa huko walifanya majaribio mawili, yaliyochapishwa mwaka 2001 na 2003, wakitumia matone ya mitishamba yenye vitunguu saumu na mimea mingine ndani ya mafuta ya zeituni. Katika jaribio la kwanza lililowahusisha watoto 103 wenye maumivu ya sikio, matone hayo yalipunguza maumivu sawa na matone ya ganzi ya kawaida. Katika jaribio la pili lenye watoto 171, maumivu yalipungua pia. Lakini watafiti hao hao, baada ya kuchanganua takwimu zao, walikiri kwamba takriban asilimia 80 ya nafuu hiyo ilitokana na kupita kwa siku tu. Sikio lilikuwa likipona lenyewe, na dawa ikapewa sifa.

Matokeo hayo hayaivunjii heshima mitishamba. Yanaonyesha kwamba matone yaliyotengenezwa kwa usafi, yakitumiwa kwenye sikio ambalo daktari ameshalichunguza, yanaweza kumtuliza mtoto anapongoja kupona. Hilo ni jambo tofauti kabisa na kumpa mzazi chupa isiyojulikana kilichomo, atie katika sikio lisilojulikana lina nini.

Aidha, ziko dalili kwamba mimea ina zaidi ya kututuliza. Mwaka 2005, watafiti wa Iceland walieleza jinsi mafuta ya mrehani yalivyotiwa katika mifereji ya masikio ya panya walioambukizwa, wakitegemea mvuke wake upenye hadi ndani. Zaidi ya nusu ya panya wenye aina mojawapo ya bakteria walipata nafuu au kupona, ikilinganishwa na wachache mno wasiopewa dawa hiyo. Ni habari ya kutia moyo. Hata hivyo, panya si mtoto, na mafuta yaliyopimwa katika maabara si majani yaliyofikichwa kiganjani. Safari kati ya hayo mawili ni ya miaka ya utafiti, na ndiyo safari iliyoufikisha mmea wa artemisia katika dawa za malaria zinazotumiwa leo.

Ushahidi wa hapa nyumbani

Kuhusu usaha sugu, Kenya haina haja ya kuazima ushahidi wa mbali. Mwaka 1996, jarida la matibabu la The Lancet lilichapisha matokeo ya jaribio lililofanyiwa watoto 524 wa shule za msingi wilayani Kiambu. Kundi moja lilikaushwa masikio pekee, jingine lilikaushwa na kupewa viuavijasumu pamoja na matone yenye dawa, na la tatu halikutibiwa katika kipindi hicho. Baada ya wiki 16, usaha ulikuwa umekoma kwa asilimia 51 ya waliopewa dawa. Kwa waliokaushwa tu na kwa wale ambao hawakutibiwa, kiwango kilikuwa asilimia 22 kwa kila kundi.

Miaka tisa baadaye, mnamo 2005, yalichapishwa matokeo ya jaribio jingine kutoka magharibi mwa Kenya lililowahusisha watoto zaidi ya 400. Matone ya siprofloksasini yalishindanishwa na asidi ya boriki iliyochanganywa na alkoholi, ambayo ni dawa ya bei nafuu ya kuua vijidudu. Baada ya wiki mbili, masikio yalikuwa yamekauka kwa asilimia 59 ya waliotumia siprofloksasini, ikilinganishwa na asilimia 32 ya waliotumia asidi hiyo.

Mafunzo ya takwimu hizo ni mawili. La kwanza ni kwamba ipo tiba ambayo nguvu yake imepimwa kwa watoto wa Kenya, na mti wowote unaodaiwa kuishinda hauna budi kupitia kipimo hicho hicho. La pili ni kwamba hata tiba hiyo haikumponya kila mtoto. Wengi walibaki na usaha. Mtabibu yeyote, awe wa hospitali au wa miti shamba, anayeahidi kuponya kila sikio kwa chupa moja anajitenga na ukweli.

Hospitali nazo zina lawama

Ingekuwa ni dhuluma kumbebesha muuzaji wa miti shamba lawama zote. Baadhi ya matone ya dukani, mathalani yale yenye jentamisini, yanaweza yenyewe kuharibu usikivu yakiingia ndani ya sikio lililotoboka. Hiyo ni miongoni mwa sababu za wataalamu kupendelea matone ya jamii ya siprofloksasini. Mzazi anayenunua matone kwenye duka la dawa bila mtoto kuchunguzwa anacheza bahati nasibu ile ile ya anayenunua chupa sokoni. Vivyo hivyo, kumpa mtoto nusu ya dozi ya viuavijasumu vilivyosalia nyumbani ni kuwafunza bakteria usugu.

Isitoshe, watu hawamwendei tabibu wa jadi kwa sababu ya ujinga. Humwendea kwa kuwa yuko karibu, anajua lugha yao, anakubali kulipwa kidogo kidogo na ana wakati wa kusikiliza. Wataalamu wa masikio ni wachache na wengi wao wako mijini. Mama anayesafiri nusu siku, kisha akaambiwa hakuna kifaa cha kutazamia ndani ya sikio au dawa zimekwisha, hatarudi mara ya pili kwa furaha. Huduma za afya ziligatuliwa kwa kaunti mwaka 2013, na Sheria ya Afya ya Msingi ya mwaka 2023 iliahidi kuwa huduma za zahanati na vituo vya afya zingegharamiwa na hazina ya umma. Ahadi hiyo itapimwa kwa mambo madogo kama haya: je, zahanati ina kifaa cha kutazamia sikio na chupa ya matone?

Sheria inasemaje

Kisheria, msimamo wa taifa kuhusu tiba ya jadi umebadilika pakubwa. Kwa miongo mingi, waganga walifanya kazi chini ya kivuli cha Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925, iliyoletwa na wakoloni na ambayo haikumsaidia mwananchi wa kawaida kutenganisha tabibu na mlaghai. Katiba ya mwaka 2010 ilitambua mchango wa sayansi na pia wa teknolojia za kiasili katika maendeleo ya nchi, na papo hapo ikampa kila mtu haki ya kiwango cha juu zaidi cha afya kinachoweza kufikiwa. Mwaka 2016 ikapitishwa sheria ya kulinda maarifa ya jadi. Kisha Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ikatenga sehemu nzima kwa tiba ya jadi na tiba mbadala: iliagiza kuwepo sera, chombo cha usimamizi kitakachoundwa kwa sheria ya bunge, uwekaji wa kumbukumbu za tiba hizo, na utaratibu wa kuwaelekeza wagonjwa kutoka kwa matabibu wa jadi hadi hospitalini.

Agizo hilo la mwisho ndilo lenye uzito zaidi kwa mtoto mwenye usaha sikioni. Dawa zilizofungwa kwa ajili ya kuuzwa zinaweza kusajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu, na Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu (KEMRI) ina kituo cha kuchunguza tiba za jadi. Lakini majani yanayofikichwa nyumbani hayapiti kwa bodi yoyote. Kwa miaka mingi matabibu wa jadi wamesajiliwa na idara ya utamaduni, ilhali wagonjwa wao ni jukumu la Wizara ya Afya. Kati ya ofisi hizo mbili, hakuna anayemuuliza tabibu: ulimpeleka lini mgonjwa aliyekushinda?

Utaratibu wa rufaa hauhitaji mitambo ya mamilioni. Mnamo Septemba 2023, serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 na kuwapa vifaa vya kazi. Hao wanaishi kijiji kimoja na matabibu wa jadi. Kuwafunza kuuliza maswali mawili, yaani sikio limetoa usaha kwa muda gani na mtoto anasikia vipi, ni kazi ya siku chache. Tabibu wa jadi akifunzwa maswali hayo hayo, na akapewa barua ya rufaa itakayoheshimiwa pale zahanatini, atageuka kuwa jicho la kwanza la mfumo wa afya badala ya kuwa mshindani wake.

Wajibu wa mzazi

Wakati sera zikisubiriwa, yapo mambo ambayo mzazi anaweza kuyatekeleza leo. Kwanza, sikio linalotoa usaha lisitiwe kitu chochote, liwe tone la majani, mafuta, maziwa ya mama au dawa ya dukani, kabla ya kuchunguzwa. Likaushwe kwa utambi wa kitambaa safi au karatasi laini, kisha utambi utupwe, na maji yasiruhusiwe kuingia wakati wa kuoga. Kukausha hakutoshi kuponya, kama jaribio la Kiambu lilivyoonyesha, lakini kunaandaa njia ili dawa atakayoandika mhudumu ifike panapohitajika.

Pili, zipo dalili zisizosubiri hata siku moja: uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio, shingo kukakamaa, kutapika, degedege, mtoto kulegea au kuwa mzito wa kuamka, uso kupinda, au kizunguzungu kikali. Hizo ni ishara kwamba ugonjwa umevuka mipaka ya sikio, na mahali pa mtoto ni hospitalini.

Tatu, kinga ni bora kuliko tiba. Mtoto anayenyonyeshwa maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya kwanza, asiyevutishwa moshi wa sigara, na aliyepata chanjo zake zote ana nafasi bora ya kuepuka maambukizi ya masikio. Chanjo dhidi ya bakteria wa nimonia, ambao pia hushambulia masikio, imekuwa sehemu ya ratiba ya chanjo za watoto nchini tangu 2011.

Kwa mzazi anayethamini mitishamba, hakuna anayemtaka aikane asili yake. Anachohitaji kukijua ni kwamba kuna tofauti kati ya chai ya tangawizi inayopashia koo joto na tone linaloingia katika kiungo asichoweza kukiona ndani. Anaweza kumsikiliza mzee wa kijiji kuhusu mti, mradi tu mtu mwenye kifaa atazame sikio kwanza.

Wahenga walinena kuwa sikio la kufa halisikii dawa. Methali hiyo walimwambia mtu mkaidi, wala hawakuitoa kama hukumu juu ya masikio ya watoto. Masikio mengi yanayokufa nchini hayakuwa ya kufa. Yalikuwa ya kutazamwa mapema, kukaushwa na kupewa dawa iliyofika mahali pake, na kila muhula unaopita bila hilo kufanyika ni muhula wa masomo ambao mtoto hakuusikia.